Chambo cha Kumwaga katika Milango ya Mito

Kila mvuvi ajua chambo kinachotiwa katika ndoana. Leo twataka kusema habari za chambo cha namna nyingine, ambacho hakitiwi ndoanani wala hakirudi mkononi mwa mvuvi. Humwagwa majini kidogo kidogo ili harufu yake ichukuliwe na mkondo, iwafikie samaki walio mbali, iwaite. Watu wa Australia hukiita berley, na kwao si jambo la siri wala si la mabingwa peke yao. Hata mtoto avuaye gatini na kipande cha mkate mkavu mfukoni hujua kukitumia. Sisi tutakiita chambo cha kumwaga, maana jina hilo laeleza kazi yake.

Tumechagua habari za Australia kwa sababu mbili. Kwanza, pwani yake ya mashariki, katika majimbo ya New South Wales na Queensland, ina hori na milango ya mito mingi ya kina kifupi, yenye mikoko, matope, majani ya baharini na mafungu ya mchanga yanayotokeza maji yakipwa. Mtu wa Rufiji au wa mto Tana akipelekwa huko hataona mageni mengi. Pili, baadhi ya samaki wa huko ni wale wale tuwajuao, au ni ndugu zao. Mkizi mkubwa wa milango ya mito yao ndiye huyu huyu arukaye katika hori zetu. Chuchunge wapo, kolekole wapo, taa wapo. Na bunju naye yupo, tena tele, kama tutakavyoona.

Ufundi huu haukuletwa Australia na Wazungu. Merikebu za kwanza za Waingereza zilipotia nanga katika Port Jackson mwaka 1788, mahali ambapo sasa ni mji wa Sydney, ziliwakuta wenyeji wakivua katika mitumbwi ya magome ya miti. Wanaume walivua kwa mikuki yenye ncha kadha wa kadha. Wanawake walivua kwa mshipi na ndoana. Mishipi waliisokota kwa nyuzi za magome, na ndoana walizichonga katika kombe za konokono wa baharini, zikapinda mfano wa mwezi mwandamo. Afisa mmoja aliyekuja na merikebu hizo, jina lake David Collins, aliandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1798 kwamba aliwaona mara nyingi wanawake hao wakiwa mitumbwini, wakiimba huku wakivua, na kutafuna kome au samaki waliopikwa, kisha wakitema majini vile walivyovitafuna ili kuwavuta samaki.

Yafaa tulitazame neno hili kwa makini, maana ndani yake mna elimu yote ya chambo cha kumwaga. Kutafuna huvunja nyama iwe chembe ndogo sana, na utomvu wake wote hutoka. Kutema hutoa kidogo tu kwa mara moja, tena kwa kurudia rudia, muda wote mtu avuapo. Samaki aliye chini hupata harufu nyingi na chakula kichache mno. Hujongea, hutafuta, hupata chembe moja isiyomtosha, hutafuta tena, na katika kutafuta huko hukutana na ndoana. Kama mwanamke yule angalimwaga kapu zima la kome kwa mara moja, samaki wangalikuja, wangalikula, wangalishiba, wangalikwenda zao, naye angalibaki na mshipi mtupu. Haya ndiyo makosa ya watu wengi wanaojaribu chambo hiki kwa mara ya kwanza: hulisha samaki badala ya kuwaita.

Samaki ana matundu ya pua mbele ya macho yake, lakini hayatumii kwa kuvuta pumzi, kwa maana pumzi yake yapita katika matamvua. Matundu yale ni ya kunusa tu. Kwa samaki walio wengi kila upande una matundu mawili: maji huingia katika tundu la mbele, hupita juu ya ngozi laini yenye mikunjo, kisha hutoka katika tundu la nyuma. Kwa ngozi hiyo samaki hupata habari za kitu asichokiona, hata usiku, hata katika maji ya masika yaliyochafuka kwa matope mpaka jicho halioni shibiri moja. Kitu kimwitacho hasa ni vile vitu vidogo viyeyukavyo majini ambavyo hutoka katika nyama ya kamba, kaa, kombe na samaki. Wataalamu huviita asidi amino. Mafuta ya samaki hayayeyuki, bali hupanda na kutandaa juu ya maji. Kwa hiyo mafuta yana kazi kwa samaki waendao juu, kama chuchunge, lakini samaki alaye chini hutaka utomvu wa nyama, na asiyepata ila mafuta hana njia ya kufuata.

Tumesema njia, na ndilo jina litufaalo. Samaki akipata harufu haendi moja kwa moja kama mtu aliyeitwa kwa jina. Hugeuza kichwa kukabili mkondo, akapanda dhidi ya maji. Akiipoteza harufu hupinda huku na huku mpaka aipate tena. Basi mvuvi hutengeneza njia ndani ya maji, kuanzia hapo alipo hata huko mbali samaki walipo. Njia ikikatika katikati, samaki aliyekuwa akija hupotea. Ndiyo maana konzi moja ndogo kila baada ya dakika chache ina nguvu kuliko ndoo nzima ya asubuhi iliyofuatwa na saa mbili za kukaa kimya.

Mvuvi mzuri wa huko huanza kwa kutazama maji kabla hajagusa chambo. Maji yakienda mbio, njia hunyoshwa mno na chembe huchukuliwa mbali zisipate kukusanya samaki mahali pamoja. Maji yakisimama kabisa, kati ya kujaa na kupwa, chambo huanguka chini ya chombo kama takataka, wala harufu haiendi popote. Wakati ufaao ni ule wa mkondo wa wastani: maji yameanza kujongea, au yanakaribia kutulia. Kwa hiyo siku za bamvua, mkondo ukiwa na nguvu, huchagua saa ya kwanza na ya mwisho ya maji, au hukaa pembeni nyuma ya fungu la mchanga. Siku za maji mafu aweza kuvua karibu wakati wote.

Kisha hutia nanga upande wa juu wa mahali anapodhani samaki wapo, maana yake upande ambako maji yanatoka. Mtu asidhani kuwa upande wa juu ni upande wa bara siku zote. Katika mlango wa mto maji ya kujaa hutoka baharini, basi upande wa juu ni upande wa bahari; yakipwa mambo hugeuka. Mtu akivua kutwa mahali pamoja bila kuhama, nusu ya chambo chake huchukuliwa mahali pasipo na samaki.

Na samaki wapo wapi? Maji yakijaa hupanda juu ya matope na mchanga, kati ya majani ya baharini na kando ya mikoko, wakitafuta kaa wadogo na nyungunyungu wa mchangani. Maji yakipwa hurudi kwa kufuata vijito vidogo vinavyochuruzika kutoka katika mafungu, wakasimama pale kina kinapoanza. Wavuvi wa New South Wales hupenda sana mahali hapo pa ukingo, ambapo maji ya kiuno huwa ghafula maji ya pima 2. Samaki wanaoshuka hukaa hapo wakingoja chakula kinacholetwa na mkondo, kwa hiyo kukiongeza kidogo hakuwashangazi.

Katika maji ya kina kifupi liko jambo moja ambalo mvuvi wa maji makuu hahangaiki nalo sana. Tuseme kina ni pima 1, na chembe ya chambo huchukua sekunde 20 kuzama hata chini, na mkondo hwenda hatua 1 kwa kila sekunde. Chembe hiyo itaangukia hatua 20 nyuma ya mtumbwi. Huko ndiko samaki watakakokusanyika, na mtu aliyetupa ndoana yake chini ya tezi hatapata kitu, tena atasema kuwa chambo cha kumwaga ni upuuzi. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuipeleka ndoana huko huko, kwa kuiachia iende na maji bila chubwi, au kwa chubwi ndogo kabisa, ishuke polepole kama zishukavyo chembe zenyewe. Ya pili ni kuchanganya chambo na mchanga wenye maji, kukifinyanga mfano wa tonge, na kukitupa mbele kidogo ya mtumbwi. Mchanga hukizamisha upesi, kisha tonge huvunjika chini na kutoa harufu karibu. Kwa kupima, hutupa kwanza konzi ya pumba katika maji maangavu na kuifuata kwa macho.

Tena kina kifupi huwafanya samaki kuwa waoga. Kivuli cha mtu asimamaye, pondo likigonga ubavu wa mtumbwi, nanga ikitupwa badala ya kushushwa kwa mkono, hayo huwafukuza kuliko chambo kinavyoweza kuwaita. Mvuvi akishatia nanga hukaa kimya kwa muda huku akimwaga kidogo kidogo, wala hatupi ndoana mara ile ile. Kwa mtu mwenye haraka hilo ndilo gumu zaidi kuliko yote tuliyoyasema.

Sasa tuseme vitu vinavyotumika. Kilicho rahisi kupita vyote ni mkate mkavu uliolowekwa na kuvurugwa kwa mkono. Watu huuchanganya na pumba za ngano, au na chakula cha kuku wa mayai kiuzwacho kwa umbo la vidonge, ambacho hulowa na kuvunjika polepole. Katika mchanganyiko huo hutia vichwa na maganda ya kamba yaliyopondwa, kombe zilizovunjwa, au mifupa ya samaki waliokwisha kupasuliwa, iliyosagwa. Wako wanaotia vyote hivi katika mfuko wa nyavu kama ule wa kuuzia vitunguu, pamoja na jiwe, wakauning'iniza tezini. Kila wimbi likitikisa chombo, mfuko hutoa kidogo. Wengine hugandisha chambo kwa barafu kiwe kama tofali, kikayeyuka chenyewe muda wa saa nzima. Sisi twaupenda mfuko, kwa sababu haumwachi mtu kumwaga kwa pupa.

Mtu wa pwani yetu hana haja ya kutafuta vidonge vya kuku. Wenye madema wajua tangu zamani kuweka ndani yake mwani, konokono waliopondwa na vitu kama hivyo, na tafi huufuata mwani huo mpaka ndani. Akili ni ile ile, ila dema hukaa na chambo chake mahali pamoja, na chambo cha kumwaga hutembea.

Kanuni moja yatumika kwa chakula cha kila namna: kilicho katika ndoana kifanane na kilicho katika maji. Samaki aliyepanda mkondo kwa harufu ya kamba, akikuta kamba, hali kwa shaka. Akikuta kitu kingine, hukizunguka kwanza.

Walakini samaki si wa tabia moja. Mkizi hula matope laini na mimea midogo iliyomo, kinywa chake ni kidogo, na watu wengi husema kuwa havuliwi ila kwa wavu. Huko Australia humwagia mkate na pumba mpaka kundi lipande juu na kuzoea, kisha huwavua kwa ndoana ndogo sana yenye donge la unga uliokandwa, chini ya boya dogo. Si kazi ya kumtajirisha mtu, lakini humpa kitoweo mzee asiyeweza kuvuta jarife. Chuchunge huvuliwa kwa namna hiyo hiyo, karibu na uso wa maji, na tone la mafuta ya samaki katika chambo huwafaa.

Luderiki ni samaki wa rangi nyeusi nyeusi mwenye mistari ubavuni, na chakula chake kikuu ni mwani. Hapa ndipo mkate na kamba huwa kazi bure mara nyingi. Wanaomjua hukusanya mwani wa kijani ulio kama nyuzi, hukata kata vipande vidogo, huuchanganya na mchanga wenye maji, hutupa konzi moja moja, na katika ndoana huzungusha mwani huo huo mpaka ndoana isionekane. Boya hushuka taratibu, bila kishindo, na mtu asiyezoea hudhani ni wimbi. Kuna wavuvi huko ambao maisha yao yote hawavui samaki mwingine ila huyu, na wakikutana hubishana juu ya rangi ya mwani kama watu wengine wabishanavyo juu ya ng'ombe.

Brimu wa mapezi ya manjano ndiye atafutwaye na wengi katika hori hizo. Ni samaki wa rangi ya fedha, hula karibu kila kitu, na hufuata harufu vizuri sana, lakini hana haraka ya kumeza. Kwake yeye ufundi wa kuiachia ndoana iende na maji hulipa kuliko kwa mwingine yeyote. Huzingatia mshipi mzito na chubwi kubwa, akauacha.

Yuko tena samaki tutakayemwita kichwa-bapa, kwa kuwa kichwa chake ni bapa kama kibao. Huyu hujifukia mchangani, rangi yake ikafanana na mchanga, akangoja samaki wadogo na kamba wapite karibu na kinywa chake. Mkate haumhusu hata kidogo. Hata hivyo wavuvi wa chambo cha kumwaga humpata, kwa sababu wadogo wakija kuokota chembe, yeye huwafuata na kulala ukingoni mwa njia ya harufu. Basi mtu aonapo vidagaa wamejaa nyuma ya mtumbwi wake asikasirike kuwa wanakula chambo bure; na atupe mshipi mmoja wenye samaki mzima nyuma yao, chini kabisa.

Harufu haichagui wageni, nayo huwaita hata wasiotakiwa. Wa kwanza ni bunju. Katika hori za Australia huja kwa makundi, hukata mshipi kwa meno, humaliza chambo ndoanani, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Wakiisha kuja hakuna dawa ila kuacha kumwaga na kuhama.

Wa pili ni papa. Yuko papa mnene wa pua fupi, ajulikanaye kama papa wa Zambezi, ambaye hukaa katika milango ya mito na kupanda hata katika maji matamu. Yupo katika mto Brisbane, na katika maji ya Sydney pia. Kwa ajili ya papa serikali ya jimbo la South Australia imekataza kumwaga damu, nyama, mifupa, matumbo au ngozi ya mnyama ndani ya maili 2 za bahari kutoka pwani. Mtu aweza kuona sheria hii kuwa ngumu, lakini na afikiri: njia ya harufu haikomi pale samaki wa mvuvi walipo. Hupita, ikafika pale watoto waogapo na wanawake waokotapo kombe. Kwa hiyo damu ya machinjioni haifai kabisa katika mlango wa mto, hata mahali ambapo hapana sheria ya kuikataza.

Wa tatu ni mamba. Katika sehemu za kaskazini ya Queensland mamba wa maji ya chumvi hukaa katika hori zile zile zenye samaki wazuri. Wakuu wa huko huwaonya watu wasimame hatua 5 au zaidi kutoka ukingo wa maji, wasisafishe samaki mahali pa kuvulia, wala wasiache mabaki ya chambo ukingoni. Mamba hujifunza. Mahali panapopata matumbo ya samaki kila jioni huwa kwake mahali pa chakula, na siku ambayo hapana matumbo, pana mtu. Msomaji wa Rufiji hahitaji kufundishwa habari za mamba, lakini pengine hakufikiri kuwa mfuko wa chambo ulioning'inizwa ubavuni mwa mtumbwi ni wito kwake vile vile. Mahali palipo na mamba, ufundi huu wa kumwaga hauwafai watu wa mitumbwi midogo, nasi hatuwashauri kuujaribu.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1995, na tena mwaka 1998, sardini wa pwani ya kusini ya Australia walikufa kwa wingi wa kutisha kwa ugonjwa wa virusi, miili yao ikajaa fukweni. Watu walishuku sardini waliogandishwa kwa barafu na kuletwa kutoka nchi za nje kuwa chakula cha samaki wafugwao, ingawa haikuthibitishwa. Mwisho wa mwaka 2016 ugonjwa wa madoa meupe uliingia katika mabwawa ya kamba wa kufugwa kando ya mto Logan, kusini ya Queensland, na kamba wa mabwawa hayo wakauawa ili kuuzuia usienee. Ugonjwa huo haumdhuru mtu alaye kamba. Lakini kamba aliyegandishwa huweza kuuchukua, na tangu hapo watu wa huko wameonywa kwa nguvu wasitumie kamba wa dukani walioletwa kutoka ng'ambo kuwa chambo. Barafu haiui kila kitu. Chambo chema ni kile kilichotoka katika maji yale yale kitakamorudishwa. Na mwenye kuchukua kamba wa hori moja kwenda kuwamwaga katika hori nyingine ya mbali huenda amechukua na kitu asichokijua.

Twaona haja ya kusema wazi, kwa kuwa wako wanaochanganya mambo, kwamba chambo hiki hakina udugu na utupa wala na baruti. Utupa hulewesha na kuua kila kilicho majini, wakubwa na wachanga pamoja. Baruti huvunja hata nyumba zao. Chambo cha kumwaga humwacha samaki na hiari yake, na mvuvi aweza kuchagua yupi wa kuchukua.

Kuchagua huko si neno dogo. Brimu hukua polepole: yapata miaka 5 ndipo afike karibu na urefu ambao sheria ya New South Wales inaruhusu kumchukua, nao ni sentimita 25. Na chambo cha kumwaga huita wachanga kwanza, kwa sababu wana njaa na hawana hadhari. Mvuvi akiona wachanga watupu wanakuja, hutumia ndoana kubwa zaidi wasiyoweza kuimeza, au huhama. Mchanga aliyemeza ndoana mpaka ndani asivutwe. Mshipi ukatwe karibu na kinywa, arudishwe majini na ndoana yake. Majaribio yaliyofanywa na wataalamu wa New South Wales yameonyesha kuwa wengi wa namna hiyo huishi, lakini wale wanaong'olewa ndoana kwa nguvu hufa wengi. Ndoana ya chuma kitupu, isiyo na mchovyo wa kuzuia kutu, hulika na kutu, na samaki wengine huitoa wenyewe baada ya siku nyingi.

Mwisho wa kuvua, mfuko ukibaki na kitu, usiukung'ute pale pale ulipokuwa ukivua. Hori ya kina kifupi haibadilishi maji yake upesi kama bahari kuu. Mkate na pumba zikilala matopeni huoza, na kuoza huko hula hewa iliyomo majini ambayo kaa na samaki wachanga huitaka. Mabaki yapelekwe nchi kavu, mbali na ukingo, yafukiwe shambani, au wapewe kuku. Mfuko uoshwe kwa mchanga na maji ya chumvi, uanikwe juani, maana shombo la jana likichacha ndani yake huvuta nzi nyumbani.